Mbwa Mzee na Siku ya Kuogeshwa

Mbwa huhesabiwa mzee anapoingia robo ya mwisho ya umri ambao aina yake huishi kwa kawaida, na kwa hiyo hakuna mwaka mmoja unaowahusu wote. Great Dane, jibwa ambalo mara nyingi halivuki miaka 10, ni mzee akiwa na miaka 6 au 7. German Shepherd, mlinzi wa mageti mengi ya Nairobi, Arusha na Dar es Salaam yenye kibao cha "Mbwa Mkali", huuanza uzee kwenye miaka 8 hivi. Wadogo wa ndani kama Maltese na Japanese Spitz huweza kufika 10 au 11 kabla mtu hajaona dalili yoyote. Kwa mbwa wa kienyeji, umri wenyewe aghalabu haujulikani: aliokotwa, au alitolewa na jirani, na hakuna aliyeandika tarehe. Si tatizo la Afrika Mashariki peke yake. Bobi, mbwa wa Ureno aliyetangazwa mwaka 2023 kuwa mzee kuliko wote waliowahi kuishi, akiwa na miaka 30 na ushei, alivuliwa rekodi hiyo na Guinness mwaka uliofuata kwa sababu ushahidi wa mwaka wake wa kuzaliwa haukutosha. Anayemwogesha mbwa mzee hana budi kuusoma mwili ulio mbele yake kuliko kuitegemea kalenda.

Mwili huo hubadilika kuanzia juu. Tezi za mafuta za ngozi hupunguza kazi, manyoya hukauka na kupoteza mng'ao, mba huongezeka mgongoni. Ngozi huwa nyembamba, haivutiki na kurudi kama zamani, na mkwaruzo mdogo wa mkasi huchelewa kupona. Misuli ya mapaja na mabega hupungua, nyonga na uti wa mgongo hujitokeza, na pale palipokuwa na nyama ya kupokea mkandamizo wa brashi sasa pana ngozi juu ya mfupa. Kucha hurefuka kwa kuwa mbwa hatembei tena kiasi cha kuzisaga kwenye lami na mawe. Shingo na mgongo vikikakamaa, hawezi tena kujipinda ajilambe nyuma, ajikune sikio au amng'oe kupe aliyemkaa pajani. Kazi aliyoifanya mwenyewe ujanani humwangukia binadamu.

Hapo ndipo shabaha ya shughuli nzima inapogeuka. Kwa mbwa kijana, kuchana na kunyoa huweza pia kuwa urembo. Kwa mzee zimebaki sababu mbili zenye uzito: kumpunguzia karaha na kumkagua. Manyoya yasiyolingana upande mmoja hayamdhuru yeyote, lakini kusimamishwa nusu saa zaidi ili yalingane kunamuumiza mbwa. Kinyozi wa mbwa anayeijua kazi yake humweleza hilo mwenye mbwa kabla ya kuanza, na pengine kumshawishi mwenye mbwa ni kazi kubwa kuliko kumtuliza mbwa. Katika nyumba nyingi za mijini, isitoshe, anayemwogesha mbwa si mwenye nyumba wala kinyozi, ni mtunza bustani au askari wa getini, na maagizo ya daktari yanayoishia sebuleni hayamfikii yule anayeshika mpira wa maji.

Ukaguzi huja kwanza, mwili ukiwa mkavu, na hufanywa kwa viganja. Mikono huanzia nyuma ya masikio, ikashuka shingoni, mabegani, kwapani, mbavuni na tumboni, chuchu moja baada ya nyingine kwa jike, hadi mapajani na chini ya mkia. Vivimbe ni jambo la kutarajiwa. Kuna chunjua zinazoota juu ya ngozi, rahisi kukatwa na wembe wa mashine ya kunyolea. Kuna uvimbe laini wa mafuta unaoteleza chini ya ngozi, wa kawaida sana kwa Labrador wazee. Na kuna saratani ambazo kwa vidole hufanana nao kabisa. Hakuna mkono, hata wa daktari, unaoweza kuzitofautisha kwa hakika. Daktari wa mifugo hufyonza chembe chache kwa sindano na kuzitazama kwa hadubini. Aina moja ya saratani ya ngozi huvimba na kuiva wekundu ikisuguliwa, kwa sababu seli zake zimejaa histamini, na ndiyo maana uvimbe wowote usiofahamika hupitiwa kwa wepesi, hauminywi. Mahali ulipo na ukubwa wake huandikwa pamoja na tarehe. Karatasi hiyo humfaa daktari kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Kupe hutafutwa ndani ya masikio, kati ya vidole na chini ya mkia. Kupe wa kahawia wa mbwa, anayezaliana hata kwenye nyufa za ukuta wa banda, hueneza bakteria wa ehrlichia, ambao huvamia chembe nyeupe za damu. Mbwa hulegea, hukonda, ufizi hupauka, pengine damu humtoka puani. Kwa mbwa wa miaka 11 dalili hizo husemwa kuwa ni uzee tu, na ugonjwa ambao ungetibiwa mapema kwa doksisaiklini huachwa ukafika kwenye uboho. Uzee si ugonjwa, wala hautoshi kuwa jibu la kila kinachoonekana.

Maumivu ya viungo ndiyo yanayotawala mengine yote. Nyonga, magoti, viwiko na uti wa mgongo hupoteza gegedu, na mbwa mwenye maumivu hayo mara nyingi halii. Huchelewa kuinuka asubuhi, husita mbele ya ngazi, huegemea upande mmoja, hulamba kifundo kilekile kila siku. Namna ya kumshika hufuata hapo. Mguu huinuliwa ukiwa chini ya mwili, ukielekezwa mbele au nyuma jinsi unavyotembea, wala hauvutwi pembeni, kwa maana nyonga iliyoharibika haina nafasi ya kwenda huko. Huinuliwa kidogo tu, kiasi cha kuona ukucha, kwa sababu mguu mmoja ukiondoka ardhini mitatu iliyobaki hubeba mzigo wake, nayo pia huenda inauma. Taulo iliyopitishwa chini ya tumbo na kushikwa na mtu wa pili hupunguza uzito huo. Mengi hufanyika mbwa akiwa amelala ubavu kwenye godoro jembamba: upande mmoja huchanwa, akanyweshwa maji na kupumzika, kisha hugeuzwa kwa kupitia kifuani na tumboni, maana kumbiringisha kwa mgongo huusokota uti.

Dawa za maumivu za binadamu hazina nafasi hapa. Ibuprofeni na diklofenaki, vidonge vinavyopatikana karibu kila duka la dawa, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake hata kwa kipimo ambacho mtu angekiona kidogo. Parasetamoli ikizidi huharibu ini. Zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na daktari anaweza kupanga saa ya kuzitoa ili zifike kileleni wakati wa kuogeshwa.

Anayeshika brashi husaidiwa sana na kujua mbwa anavyojieleza kabla ya kung'ata. Mkufunzi Turid Rugaas wa Norwe alizieneza katika vitabu vyake ishara ndogo ambazo wengi walizipuuza: kulamba pua bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa pembeni, kuganda ghafla. Daktari wa wanyama wa Marekani Sophia Yin, aliyefariki mwaka 2014, aliandika mwaka 2009 kitabu kizima cha namna ya kumshika mnyama bila kumtia hofu, chenye picha za mikono inapokaa na isipopaswa kukaa, na tangu hapo kliniki nyingi duniani zimeacha desturi ya kumkandamiza mnyama mpaka achoke. Kwa mbwa mzee desturi hiyo ni hatari mara mbili, kwa kuwa anayekandamizwa hupambana kwa viungo vilivyolegea na moyo uliochoka. Akianza kulamba pua na kugeuza kichwa, mkono huondoka, hupita nusu dakika, kisha hurudi sehemu nyingine ya mwili. Akinguruma, hakemewi. Mbwa aliyefundishwa kutonguruma ni mbwa atakayeng'ata bila taarifa.

Mahali pa kazi pana uzito kuliko vifaa. Sakafu ya vigae iliyolowa ni adui mkubwa wa miguu ya nyuma isiyo na nguvu. Mbwa anayeteleza hukaza mwili mzima, na kukaza huko peke yake humwachia maumivu ya siku mbili. Mkeka wa raba, au hata zulia kuukuu lililofungwa kwa kamba lisisogee, hutandikwa mahali pa kuogea na pa kukaushia. Meza ina faida kwa mgongo wa kinyozi na hatari kwa mbwa. Kitanzi cha shingoni kinachotumiwa kumzuia kwenye meza hakimfai mzee kabisa: akilegea miguu huning'inia, na kwa mbwa wadogo ambao njia kuu ya hewa imelegea kuta, mkazo mdogo wa shingo huanzisha kikohozi kikavu cha kukwaruza kinachoweza kummalizia pumzi. Mkanda wa kifuani hufanya kazi hiyo bila kugusa koo.

Muda nao hugawanywa. Dakika 10 au 15 zatosha kwa mkupuo mmoja. Kuchana kukafanyika Jumatatu, kucha Jumatano, kuoga Jumamosi, hakuna kilichoharibika. Kabla ya kuanza hutembezwa akojoe. Kwenye miji ya nyanda za juu kama Nairobi, Mbeya na Iringa, ambako Juni na Julai hubana kwa baridi, huogeshwa adhuhuri penye jua. Pwani huogeshwa asubuhi kabla joto halijapanda.

Kuchana hutangulia maji siku zote, kwa sababu manyoya yaliyosokotana yakilowa hukaza zaidi na kushika unyevu kwenye ngozi. Brashi huwa ya meno laini yenye ncha butu, nayo hupitishwa kwa kufuata uelekeo wa manyoya, kiganja kingine kikiwa kimeishika ngozi isivutike. Vifundo hupatikana nyuma ya masikio, kwapani, kwenye nyonga na chini ya mkia, yaani palepale ambapo mzee hawezi kujifikia. Kifundo kidogo hufunguliwa kwa vidole na wanga kidogo wa kukolezea supu, kuanzia nchani kuelekea kwenye shina. Kilichoshikana na ngozi hakichanwi, wala hakipitishiwi mkasi: ngozi nyembamba huvutwa juu ndani ya kifundo, na mkasi unaodhaniwa kukata manyoya hukata ngozi. Hiyo ndiyo ajali inayojirudia zaidi katika kazi hii. Mashine ya kunyolea hupita chini ya kifundo, wembe ukiwa bapa juu ya ngozi, na kila baada ya dakika chache hupimwa kwa mkono kama umepata moto.

Kifundo kikinywa mkojo au maji ya kidonda huwavutia nzi. Ndani ya siku moja au mbili mayai huanguliwa, na mabuu yakaanza kula ngozi laini ya chini ya mkia. Mbwa mzee anayelala nje ndiye anayepatwa zaidi, na harufu husikika kabla ya kidonda kuonekana. Huo si uchafu wa kuoshwa nyumbani ukaisha. Manyoya hunyolewa eneo lote na mbwa hufikishwa kwa daktari siku hiyohiyo. Masikio mazito ya aina ya Spaniel yana mtego wao. Yakishanyolewa vifundo vya muda mrefu, damu hurudi kwa kasi kwenye ngozi iliyokuwa imebanwa, mbwa hutikisa kichwa bila kukoma, na sikio huvimba kama mto kwa damu iliyovujia ndani. Kuyafunga masikio kwa kitambaa laini kuzunguka kichwa kwa saa chache huzuia hilo.

Maji huwa ya vuguvugu, yaliyopimwa kwa kiwiko. Baridi hukaza misuli inayozunguka viungo vinavyouma, na moto huteremsha shinikizo la damu kiasi kwamba mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kuzimia ndani ya beseni. Mpira wa maji huanzia miguuni ukapanda polepole. Kichwa hakimwagiwi, hufutwa kwa kitambaa. Mara ngapi aogeshwe ni swali ambalo jibu lake huwa dogo kuliko wenye mbwa wanavyotaka: mara moja kwa wiki 4 hadi 8 humtosha asiye na ugonjwa wa ngozi.

Sabuni ndiyo inayoleta madhara mengi yasiyoonekana. Ngozi ya mbwa haina uchachu wa ngozi ya binadamu, hukaribia kiwango cha kati, na shampuu ya watu haikutengenezwa kwa ajili yake. Sabuni ya kipande ya kufulia na sabuni ya unga, ambazo ndizo hushikwa kwanza katika nyumba nyingi, ni kali kupita kiasi na huondoa hata yale mafuta machache ambayo tezi za mzee bado zinatoa. Mbwa huwashwa, hujikuna, hutoka vidonda, kisha huogeshwa tena kwa sabuni ileile kwa kudhaniwa ana upele. Shampuu ya mbwa isiyo na manukato, iliyochanganywa na maji kwanza ndani ya chupa ili isuuzike haraka, hupunguza muda wa kusimama. Kila dakika inayookolewa kwenye kusuuza ina thamani kwa miguu ya nyuma.

Dawa za josho la ng'ombe zinastahili kutajwa peke yake. Amitrazi hutumiwa sana dhidi ya kupe wa mifugo, na mtu mwenye chupa ya ng'ombe huona hakuna sababu ya kununua ya mbwa. Ikikolezwa kwa kukisia, au mbwa akiilamba, hupunguza mapigo ya moyo, humfanya alale kama aliyelewa na hupandisha sukari ya damu. Kijana huweza kupona baada ya siku moja au mbili. Mzee mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo huenda asipone. Dawa za kupe zinazotolewa kwa kidonge au tone la mgongoni, kwa kipimo cha uzito wake na baada ya daktari kujua magonjwa mengine aliyonayo, humwondolea mzee haja ya kuloweshwa kabisa.

Kukausha kunahitaji tahadhari kuliko kuogesha. Mbwa hana jasho la kumpoza mwili. Tezi zake chache ziko nyayoni, na joto hutoka kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi, likivuka 41, ubongo, figo na matumbo huanza kuharibika. Draya ya hewa moto iliyoelekezwa ndani ya kizimba kilichofungwa imeua mbwa wenye afya, sembuse wazee. Wapo pia ambao kuhema kwenyewe kumeharibika: Labrador wengi wakongwe hupooza zoloto, njia ya hewa ikashindwa kufunguka vizuri, na dalili ya mapema ni kubweka kulikobadilika sauti na kuhema kwa mkoromo. Wa namna hiyo hukaushwa kwa mataulo na upepo wa kawaida, na hafungwi mdomo kwa hali yoyote, kwani kifunga-mdomo kinachobana humnyima kupoa. Akizidiwa na joto, huloweshwa maji ya baridi ya kawaida, hupepewa, na hupelekwa kwa daktari bila kungoja.

Kucha ndefu hubadilisha mkanyago: vidole husukumwa juu, uzito hurudi kwenye vifundo, na viungo vyenye maumivu huongezewa kazi. Zikiachwa, nyama hai iliyo ndani ya ukucha hurefuka pamoja nazo, ndiyo maana haziwezi kurudishwa ufupi wa zamani kwa siku moja. Hukatwa milimita moja au mbili kila wiki mbili, na nyama hurudi nyuma taratibu. Kwenye ukucha mweusi, ambao hauonyeshi kitu kwa nje, hutazamwa uso uliokatwa: doa la kijivu lenye unyevu likitokea katikati, nyama iko karibu. Damu ikitoka, wanga uleule hukandamizwa kwa dakika kadhaa. Mbwa anayeogopa mkato wa kikata-kucha mara nyingi hukubali tupa, hasa akiwa amelala. Ukucha wa pembeni, ule usiogusa ardhi, husahaulika kuliko yote, nao hukunjika ukaingia kwenye nyama na kufanya usaha. Katika maeneo yenye funza, tekenya kwa jina jingine, nafasi kati ya vidole hutazamwa kwa tochi, kwani mzee anayelala kwenye vumbi hana nguvu ya kuwatoa kwa meno.

Masikio hufutwa kwa pamba iliyolowa pale jicho linapofika, basi. Kijiti hakiingizwi, na dawa ya kusafishia haimwagwi ndani ya sikio linalouma, kwa kuwa kiwambo chaweza kuwa kimepasuka. Mbwa wazee hupatwa pia na ugonjwa wa ghafla wa mizani ya mwili: kichwa huinama upande mmoja, macho huchezacheza, huanguka na kutapika. Wengi huanza kupata nafuu ndani ya siku chache. Katika siku hizo haogeshwi wala hapandishwi mezani. Macho yenye utando wa bluu hafifu ni mabadiliko ya kawaida ya lenzi na hayamzuii kuona kwa kiasi kikubwa. Weupe mzito ni mtoto wa jicho, ambaye kwa mbwa wenye kisukari hukua kwa kasi. Jicho jekundu, lililofumba kwa maumivu, ni dharura. Kinywani hapakwanguliwi. Ugaga huondolewa chini ya nusukaputi na daktari, na kwa mbwa wadogo wenye ugonjwa wa fizi wa miaka mingi mfupa wa taya huwa umelika hadi kushikwa pua kwa nguvu kunaweza kuuvunja.

Asiyeweza tena kuzuia mkojo huungua ngozi ya mapaja na tumbo. Manyoya ya eneo hilo hupunguzwa, huoshwa kwa maji matupu kila siku, hukaushwa kwa kugongagonga na kupakwa mafuta mepesi ya mgando. Krimu za watoto zenye zinki hazipakwi: mbwa atazilamba, na zinki ni sumu kwake.

Mbwa kipofu huzungumziwa kabla ya kuguswa na mkono mmoja haumwachi muda wote, ili ajue mtu yuko wapi. Kiziwi hufikiwa kwa mbele, au huamshwa kwa kugonga sakafu karibu naye. Mashine ya kunyolea haimsumbui kwa kelele yake, ila mtetemo humshtua asipotambulishwa kwanza kwa mashine kuegeshwa begani ikiwa imewashwa. Wenye akili iliyochakaa ni wagumu zaidi, na si wachache. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2001, asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 hadi 12 walikuwa na angalau dalili moja ya kupotewa na akili, na kwa wa miaka 15 hadi 16 ilikuwa asilimia 68. Mbwa wa namna hiyo huweza kumsahau aliyemchana kwa miaka 8. Kwake kinyozi yuleyule, mahali palepale na mpangilio uleule ni dawa, na kazi hufanywa asubuhi, maana jioni wengi huchanganyikiwa zaidi.

Mwenye kisukari hapangiwi miadi itakayovuruga saa ya chakula na insulini. Mwenye ugonjwa wa valvu za moyo, wa kawaida kwa aina ndogo, hukatizwa kazi mara tu anapokohoa au ulimi unapoanza kuwa wa zambarau. Ambaye tezi za juu ya figo zimezidisha kazi huwa na tumbo lililoning'inia na ngozi inayochubuka kwa kuvutwa tu. Manyoya yake yakinyolewa yanaweza kukaa miezi bila kuota, na mwenye mbwa huelezwa hilo kabla ya wembe. Kwa wenye hofu kubwa, daktari huweza kuandika gabapentini au trazodoni za kutolewa saa chache kabla, baada ya kupima figo na ini. Kumlaza kabisa kwa dawa hufanywa kliniki, chini ya uangalizi, kukiwa na sababu kama vifundo vya mwili mzima, na fursa hiyo hutumiwa kumaliza kucha, masikio na meno kwa pamoja.

Hata kwa uangalifu wote huo, meno hufika kwenye ngozi ya mtu. Kidonda huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeng'atwa huenda hospitali kutathminiwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu. Uzee wa mbwa haumwondolei haja ya chanjo, ingawa wenye mbwa wengi huiacha kwa kudhani kwamba asiyetoka getini hawezi kuambukizwa. Kinyozi ana haki ya kuomba cheti kabla ya kumpokea.

Wasiosimama tena huogeshwa walipolala, kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu kilichokamuliwa, sehemu moja moja, kikifuatwa na taulo kavu. Mbwa wa lindo waliolala maisha yao yote juu ya sementi huwa na sugu viwikoni, ngumu na isiyo na manyoya. Sugu hulainishwa kwa mafuta ya mgando na tandiko nene huwekwa chini, wala haikwanguliwi. Ikipasuka, au ngozi ya nyonga ikianza kuwa nyekundu kwa kulaliwa, mbwa hugeuzwa kila baada ya saa chache usiku na mchana. Manyoya yanayozunguka kidonda hunyolewa, kidonda huoshwa kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa na kupozwa, na daktari huitwa siku hiyo, kwa sababu kidonda cha kulaliwa huanzia karibu na mfupa na kinachoonekana juu ya ngozi mara nyingi ni kidogo kuliko kilicho chini yake.